Kolwezi Haijakosa Ukumbi

Kikundi cha watumiaji wa teknolojia ni watu wanaofanya kazi kwa chombo kimoja, kwa mfano mfumo wa Linux, lugha ya Python au programu ya ramani ya QGIS, na wanaokutana ana kwa ana kila mwezi kuonyeshana namna ya kukitumia. Hakina mwajiri wala bajeti, na mara nyingi hakina hata muhuri. Kinahitaji siku, saa na mahali. Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba nchini Kongo tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, ina watu wa kutosha wa aina hiyo: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi, mafundi wa mitandao wa makampuni ya madini, wajiolojia, mafundi umeme wa viwandani, na vijana wanaoshinda sokoni wakifungua simu zilizokufa. Hata hivyo, maoni yaliyoenea ni kwamba watu hao hawawezi kukutana kwa sababu mji hauna mahali panapofaa. Anayetaka mkutano, husemwa, akodi ukumbi wa hoteli. Akishindwa aombe ukumbi wa kampuni. Akikosa vyote asubiri kituo cha ubunifu kijengwe, au apande gari aende Lubumbashi, kilomita zipatazo 300.

Maoni hayo ni ya makosa tangu msingi wake. Yanapima ukumbi kwa jinsi unavyopendeza siku ya kwanza, ilhali ukumbi wa kikundi hupimwa kwa swali moja: je, watu wale wale wataweza kuingia humo mwezi wa kumi na mbili, bila mdhamini, bila kibali kipya, na bila mtu kutoa mfukoni zaidi ya nauli? Kwa kipimo hicho hoteli inaanguka, ukumbi wa kampuni unaanguka, na kituo kisichojengwa hakihesabiki. Kinachobaki ni kitu ambacho Kolwezi inacho karibu kila mtaa: darasa la shule lililo tupu Jumamosi mchana.

Hoteli za Kolwezi zimekua pamoja na kobalti. Wateja wake ni wahandisi wa kigeni, wakandarasi na wanunuzi wa madini, na bei zimewekwa kwa ajili yao: kwa dola, kwa siku nzima au nusu siku, na kwa kawaida pamoja na chai na chakula cha kila kichwa. Vijana ishirini hawawezi kubeba gharama hiyo kila mwezi, kwa hiyo hutafuta mdhamini, na hapo mkutano hubadilika sura. Mdhamini atataka bango lake lionekane, hotuba yake isikike na picha zake zipigwe, na ni haki yake, maana fedha ni zake. Ratiba inajaa salamu za wakubwa. Kijana aliyekuja na swali kuhusu seva iliyogoma kuwaka anarudi nalo nyumbani kama alivyokuja. Mikutano ya namna hii huanza kwa kishindo na haina mwezi wa pili, kwa kuwa mwezi wa pili mdhamini hana sababu ya kulipa tena: picha ameshazipata.

Wanaotetea hoteli wana hoja moja inayostahili kusikilizwa, nayo ni heshima. Wanasema wazazi, viongozi na waajiri huamini kinachofanyika kwenye ukumbi wenye viyoyozi na kupuuza kinachofanyika juu ya madawati ya shule. Katika mji ambako kazi hupatikana kwa kujulikana, hilo si jambo dogo. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017, inayohifadhi kazi za ukandarasi mdogo kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongo, imewafungulia mlango hata wenye kampuni ndogo za kompyuta, na kila mmoja anataka aonekane mtu wa kuaminika. Lakini mwajiri mwenye mtandao uliolala hamtafuti mtu aliyepigwa picha hotelini. Anamtafuta anayeweza kuuamsha, na uwezo huo huja kwa kurudia kazi mbele ya wenzake wanaojua zaidi, mwezi baada ya mwezi. Heshima inayotokana na ukumbi hudumu saa zile tu ukumbi ulizolipiwa. Ama viyoyozi, Kolwezi iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na wa Julai watu huvaa sweta. Darasa lenye madirisha pande mbili linatosha.

Kuna hasara nyingine ya hoteli inayozungumzwa kidogo mno. Mbele ya meza zenye vitambaa vyeupe, wasemaji wa Kolwezi hugeukia Kifaransa cha hotuba, hata pale ambapo wote waliomo ukumbini hufanya kazi, hugombana na hupatana kwa Kiswahili. Anayejua kutengeneza jambo lakini Kifaransa chake si cha jukwaani hunyamaza, na mara nyingi huyo ndiye aliyehitajiwa zaidi. Darasani, huku watu wamezunguka mashine moja, maneno ya kiufundi yatabaki ya Kifaransa au Kiingereza na maelezo yatakuwa ya Kiswahili, na fundi wa simu atamfundisha mwenye shahada bila aibu kwa upande wowote.

Ukumbi wa kampuni ya madini una kasoro ya aina nyingine. Kamoto Copper Company, Mutanda, Sicomines, Kamoa-Kakula na nyinginezo zina vyumba vya mafunzo vyenye vifaa ambavyo shule hazitavipata kwa miaka mingi. Vyumba hivyo viko ndani ya uzio. Kuingia kunataka jina lipelekwe mapema, kitambulisho kikaguliwe na mwenyeji mfanyakazi amsindikize mgeni. Mwanafunzi asiye na kadi ya uraia mkononi au fundi wa sokoni asiyejulikana na mtu ndani ataishia getini. Isitoshe, kundi linalokutana kwa kampuni moja huwafukuza wa kampuni nyingine bila kutamka neno: mhandisi wa mgodi jirani hawezi kueleza tatizo la mfumo wao akiwa ndani ya jengo la mshindani, na mkandarasi anayewania zabuni hatasema kitu mbele ya wale watakaoifungua. Kikundi cha watumiaji huishi kwa kusema wazi kilichoharibika. Mahali panapowafanya watu wachunge maneno hapafai, hata pawe na intaneti ya kasi kiasi gani.

Ndipo hubaki hoja ya tatu, iliyo maarufu kuliko zote na yenye madhara zaidi: tusubiri kituo. Wanaoshikilia hoja hii huonyesha Silikin Village ya Kinshasa, au hutaja iHub ya Nairobi, na kusema kwamba miji iliyofanikiwa kiteknolojia ilianza kwa jengo. Mfano wa Nairobi unasema kinyume. iHub ilifunguliwa Machi 2010 kwenye ghorofa ya nne ya Bishop Magua Centre, Barabara ya Ngong. Kabla ya hapo wanateknolojia wa mji ule walikuwa na kundi la Skunkworks na mikutano ya BarCamp, iliyofanyika palipopatikana. M-Pesa ilianza mwaka 2007. Ushahidi, programu iliyokusanya taarifa za ghasia kwa ramani, ilitengenezwa Januari 2008 na watu waliokuwa wametawanyika, jengo likiwa halijawaziwa sawasawa. Jengo lilikuja kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuzoeana na walikuwa na la kuwaonyesha wafadhili. Baadaye iHub ikahama, mwaka 2017 ikaenda Senteu Plaza, na mwaka 2019 ikachukuliwa na CcHub ya Nigeria. Waliobaki Nairobi muda wote huo ni watu na mazoea yao.

Marekani nako, nchi isiyokosa majengo, Homebrew Computer Club ilikutana mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1975 kwenye banda la gari la mmoja wa wanachama, huko Menlo Park. Banda lilipokuwa dogo, kundi halikujenga. Liliazima ukumbi wa maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Stanford. Kuazima mahali pa taasisi ya elimu ndiyo njia ya kawaida ya vikundi hivi duniani, wala si dalili ya umaskini.

Kolwezi ina sababu yake ya kupenda kusubiri, na sababu hiyo inaheshimika hata kama matokeo yake ni mabaya. Mji ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni ilijenga nyumba, hospitali, shule na kumbi za starehe za wafanyakazi, ikagawa unga na daftari za watoto. Gécamines iliyorithi baada ya utaifishaji mwaka 1967 iliendelea hivyo hivyo katika makambi ya Musonoi, Luilu na Kapata. Uzalishaji uliokuwa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 uliporomoka hadi chini ya 50,000 katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi walianza kuagwa kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 *Bana Shaba abandonnés par leur père*, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Kizazi kilicholelewa na kampuni kilijifunza kwamba kila ukumbi una mwenyewe, na mwenyewe ndiye huamua ufunguliwe lini. Wajukuu wa kizazi hicho sasa wanasubiri kampuni nyingine, zenye majina mapya, zijenge kituo cha ubunifu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa yanayoumia ni matumbo ya vijana waliokwisha kusoma.

Lakini historia ya Kolwezi hiyo hiyo ina mfano mwingine, unaopaswa kukumbukwa zaidi kuliko unavyokumbukwa. Mwaka 1953 padri Mfransisko Mbelgiji, Placide Tempels, aliyekuwa ameshajulikana kwa kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu, alihamishiwa Kolwezi kufanya uchungaji kati ya wafanyakazi wa migodini. Kutokana na mazungumzo yake na wachimbaji na wake zao katika makambi kama Musonoi lilizaliwa vuguvugu la Jamaa. Wanajamaa walikutana majumbani mwao, katika nyumba zile ndogo za kampuni, na penye parokia, kila juma kwa wakati unaojulikana. Walizungumza kwa Kiswahili. Shughuli yao kuu waliiita mafundisho, na kila aliyeingia alifuatwa na wale waliomtangulia hatua kwa hatua, mpaka naye akawa na wa kumfuata. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefanya utafiti wake huko katika miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima juu yao, kilichotoka mwaka 1971.

Jamaa lilikuwa vuguvugu la kidini, na hakuna haja ya kuufananisha ujumbe wake na masomo ya kompyuta. Kinachohusu hapa ni namna lilivyosimama. Vuguvugu hilo lilitoka Kolwezi likafika miji mingine ya madini ya Katanga hadi Kasai bila kujenga ukumbi hata mmoja wa makao makuu. Wafanyakazi walifanya kazi kwa zamu, kama wanavyofanya leo. Walikuwa na nyumba finyu kuliko za leo. Na kampuni iliyowatawala ilidhibiti kila jengo. Bado walikutana. Waliweza kwa sababu mkutano ulikuwa mdogo, ulijirudia, ulikuwa mahali pa kufikika kwa miguu na ulikuwa wa lugha ya wote. Anayesema leo kwamba Kolwezi haijawahi kuwa na mahali pa watu kujifunza pamoja nje ya kampuni hajui mji wake.

Basi darasa. Shule nyingi za Kolwezi hufundisha kwa zamu mbili kwa siku za juma, asubuhi na alasiri, na Jumamosi huishia mchana. Kuanzia saa nane Jumamosi vyumba vinabaki na mlinzi tu. Jumapili haifai, kwa kuwa ni ya ibada na familia. Kumbi za parokia nazo Jumamosi hushikwa na mazoezi ya kwaya, na kumbi za sherehe hushikwa na harusi. Muziki wa harusi unavuka kuta mbili. Darasa lina faida ambayo haionekani mpaka mtu aketi humo: dawati la watu wawili. Limetengenezwa ili wawili watazame kitu kimoja, na hiyo ndiyo hali bora ya kufundishana kompyuta, anayejua akiwa ameweka mikono magotini na asiyejua akibofya. Ukuta wa mbele una ubao. Mchoro wa mtandao unaochorwa kwa chaki, ukafutwa, ukachorwa upya kwa mkono wa aliyekosea, hufundisha kuliko slaidi iliyoandaliwa nyumbani.

Pingamizi la kwanza dhidi ya darasa ni umeme. Ni kweli kwamba Kolwezi, yenye mabwawa ya Nzilo na Nseke jirani kwenye mto Lualaba, na iliyo mwisho wa laini ya umeme ya kilomita zipatazo 1,700 kutoka Inga, huishi na mgao. Shule nyingi hazina umeme wa kutegemewa, na baadhi hazina kabisa. Lakini wanaotaja umeme kwa kawaida hawajapiga hesabu. Projekta hula wati 250 au zaidi. Kwa saa tatu ni zaidi ya wati-saa 750. Televisheni ya LED ya inchi 32 hula wati 50 hivi na ruta ndogo wati 10. Kwa saa tatu zote mbili zinahitaji wati-saa 180. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, ya aina inayouzwa kwa ajili ya sola, ina wati-saa 1,200, na nusu yake, yaani 600, inaweza kutumika bila kuiua mapema. Kikundi chenye betri moja, inveta ndogo na televisheni iliyoazimwa kinamaliza mkutano na kubakiwa na umeme wa kuongezea laptopu tano au sita. Laptopu nyingine huja zimejaa, kila mtu akiwa ameonywa tangu Ijumaa. Betri hubebwa kwa pikipiki na huchajiwa nyumbani kwa mwanachama ambaye mtaa wake una umeme juma hilo. Jenereta haihitajiki, na kelele zake hazihitajiki zaidi.

Pingamizi la pili ni intaneti. Hapa wapinzani wanachanganya mambo mawili: kupata mtandao wa dunia, na kuwa na mtandao kati ya mashine zilizomo chumbani. La pili halihitaji kampuni yoyote ya simu. Ruta moja na diski moja ya nje hubeba ghala la vifurushi vya Debian, nyaraka za Python, data za OpenStreetMap za Kongo nzima, na Wikipedia ya Kifaransa na ya Kiswahili kupitia Kiwix, programu iliyoanzishwa mwaka 2007 kwa ajili hasa ya watu wasio na mtandao. Mwanachama mmoja mwenye mtandao mzuri kazini au chuoni hupakua usiku wa kabla ya mkutano, na wengine wote hunakili kwa kasi ambayo hata hoteli haiwezi kuwapa, bila kuchoma mega zao. Mjiolojia akitaka kuonyesha namna ya kuchora mipaka ya mashimo ya mtaa wa Kasulo kwenye QGIS, kila kitu anachohitaji kiko kwenye diski hiyo. Yapo mambo yasiyowezekana bila mtandao, kama vile huduma za wingu, nayo yawekwe kwenye mkutano ambao mwanachama mmoja atagawa mtandao wa simu yake. Kuyafanya hayo machache kuwa sharti la kila mkutano ni kuwanyima watu yale mengi.

Mvua ndiyo shida ya kweli ya darasa, na ajabu ni kwamba wapinzani huitaja mara chache. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua za alasiri hupiga mabati kwa nguvu ya kumfanya msemaji afungue mdomo bila kusikika. Chumba kisicho na dari hakifai miezi hiyo. Kwa hiyo mtu anayetafuta shule aangalie juu kabla ya kuangalia kitu kingine: je, kuna dari? Kisha aangalie mlango kama unafungwa kwa kufuli, madirisha kama yana nondo, na njia ya kutokea barabarani kama haigeuki kidimbwi. Shule ikiwa na chumba kimoja tu chenye dari, kwa kawaida ni ofisi ya walimu, na prefe, yaani mkuu wa shule, akielezwa vizuri hukubali kukitoa.

Kumweleza prefe vizuri ni nusu ya kazi. Kikundi kisichotaka kulipa pango lazima kilete kitu, na watu wa kompyuta wanacho. Elimu ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, na shule nyingi tangu hapo hubana matumizi. Kompyuta ya mkuu wa shule iliyojaa virusi, printa iliyokwama na orodha za wanafunzi zinazoandikwa kwa mkono ni kazi za mchana mmoja kwa wanachama wawili. Barua ya kuomba chumba itaje siku, saa ya kuanza na ya kuondoka, jina la mtu mmoja anayewajibika kwa ufunguo, na kazi ambayo kikundi kitaifanyia shule. Mlinzi apewe kitu kidogo kila mkutano, wazi na kwa kiasi kile kile. Walimu wa shule waalikwe. Makubaliano ya namna hii hudumu kwa sababu kila upande ungepoteza kitu yakivunjika, tofauti na udhamini ambao upande mmoja tu hupoteza.

Wakati wa mkutano una uzito kuliko mandhari, hasa kwa wanawake. Mkutano wa jioni hotelini, penye baa, huwaondoa wasichana wengi kabla haujaanza, na baadaye wanaume hukaa na kushangaa kwa nini teknolojia ya Kolwezi ni ya wanaume. Mzazi anayemkataza binti yake kwenda hotelini saa moja usiku atamruhusu aende shule ya mtaa saa nane mchana. Mkutano ukifungwa saa kumi na moja, kila mtu anafika nyumbani na laptopu yake jua likiwa bado liko, na nauli ya pikipiki haijapanda. Wafanyakazi wa zamu hawataweza kuja kila mara. Ndiyo sababu siku isibadilike. Jumamosi ya pili ya mwezi ibaki ile ile mwaka mzima, ili anayekosa mara mbili kwa sababu ya zamu ajue bila kuuliza kwamba mara ya tatu watu watakuwepo.

Kolwezi inaongeza sharti moja ambalo vitabu vya miji mingine havilitaji: ardhi yake inahama. Katika Kasulo watu walianza kuchimba kobalti ndani ya viwanja vyao tangu mwaka 2014, na sehemu ya mtaa ikaja kuzungushiwa ukuta na kuwa eneo la uchimbaji. Mwaka 2023 Amnesty International na shirika la Kikongo la IBGDH walitoa ripoti iliyoeleza, pamoja na mengine, jinsi wakazi wa Cité Gécamines walivyoondolewa makwao ili mgodi wa COMMUS upanuke. Shule ya leo inaweza kuwa ndani ya uzio kesho kutwa. Hili ni pigo kubwa zaidi kwa hoja ya kituo: mji ambao mitaa mizima hubomolewa ni mji wa mwisho kabisa ambao watu wake wangepaswa kufunga maisha ya kikundi chao na jengo moja. Kikundi chenye busara huwa na shule mbili, moja katika komuni ya Manika na moja katika ile ya Dilala, hukutana kwa zamu, na vitu vyake vyote muhimu hutosha kwenye begi moja na sanduku la betri.

Wapo wanaojibu kwamba mabishano yote haya yamepitwa na wakati, maana kundi la WhatsApp linatosha. Halitoshi. Kebo ya mtandao haibanwi kwa ujumbe wa sauti, na mkono unaotetemeka ukiwa na chuma cha kulehemu hauoni msaada kwenye picha. Zaidi ya hayo, nchini Kongo mtandao unaweza kuzimwa. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa takribani siku ishirini. Makundi yaliyokuwa ya simu peke yake yalinyamaza siku zote hizo. Wale wenye siku, saa na chumba wangeweza kuendelea.

Linabaki suala la fedha za madini, ambazo ndizo tumaini la wanaosubiri. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa kwa sheria ya tarehe 9 Machi 2018 inapeleka asilimia 15 ya mrabaha kwa serikali za mitaa za mahali madini yanapochimbwa, na inazitaka kampuni zitenge asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Ni haki ya watu wa Lualaba kudai sehemu yao katika fedha hizo kwa ajili ya teknolojia, na wadai kwa sauti. Wanachodai ndicho kinachohitaji kubadilika. Jengo jipya la ubunifu litahitaji mkurugenzi, walinzi, fundi wa viyoyozi na bajeti ya kila mwaka, na litakuwa katika mtaa mmoja. Fedha hizo hizo zikiingia katika shule zilizopo, zitaweka dari, mlango wa chuma, paneli za sola na betri katika chumba kimoja cha kila shule, Kapata, Luilu na Musonoi zikiwemo, na chumba hicho kitatumiwa na watoto siku tano na nusu na kikundi cha watumiaji nusu siku iliyobaki. Orodha ya vifaa vya chumba kimoja inatosha kwenye ukurasa mmoja. Prefe na kamati ya wazazi waitie sahihi, kikundi kiambatanishe daftari lake la mahudhurio ya mwaka mmoja, na ombi lifike kwa wanaopanga miradi ya asilimia 0.3 kabla ya mpango wa mwaka unaofuata kufungwa.